Anayetakwa Shauri la Mali: Amana Tuliyoisahau

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuruzuku amtakaye bila ya hesabu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na wote wenye kuufuata mwenendo wao mpaka siku ya malipo. Amma baad.



Tumezoea kusikia mawaidha yanayomwelekea mwenye mali. Anahimizwa atoe, anaonywa juu ya ubakhili, anakumbushwa yaliyomfika Qaruni. Hayo ni haki na yanastahiki kuendelea kusemwa. Leo lakini napenda tumzungumze mtu wa pili, ambaye katika mimbari zetu hatajwi sana, naye ni yule anayetakwa shauri na mwenye mali.

Huenda mtu akadhani kuwa washauri wa mali ni watu wa Dar es Salaam tu, wenye ofisi na mashine za kuhesabia. Sivyo. Hapa kwetu Kwedizinga, na katika Handeni na Korogwe kwa jumla, mkulima aliyeuza machungwa yake Michungwani, au mfugaji aliyerudi mnadani na fedha taslimu, huwa ana mtu wa kumwuliza, "Nizifanye nini fedha hizi?" Pengine humwuliza katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, au karani wa duka anayemwandikia hesabu zake. Mwingine humwuliza mfanyakazi wa benki mjini, au mtendaji wa kijiji aliyeshuhudia mauziano ya shamba. Na mara nyingi, akishapata umri au maradhi, humwuliza imamu wake au mwalimu wa madrasa wa watoto wake. Wote hao ni washauri wa mali, wakijijua au wasijijue.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kutakwa shauri amebebeshwa amana. Sasa tujiulize: tunaitekelezaje amana hiyo linapokuja suala la kutoa? Wahasibu wetu wengi hunyamaza kabisa. Wao huzungumza faida, pembejeo, bati na pikipiki, na suala la zaka na sadaka huliona ni la msikitini. Nasi watu wa msikitini, kwa upande wetu, huwa na neno moja tu: "Toa!" Hatuulizi mtu anadaiwa nini, ana mama mzee au hana, ana warithi wangapi. Makundi haya mawili yamepungukiwa katika amana, la kwanza kwa kunyamaza, na la pili kwa kusema bila ya kupima.

MASHAURI MANNE MBELE YA MTUME (S.A.W.)

Tukitaka kujua namna ya kumshauri mwenye kutoa, tuirejee Sunna. Zimo katika vitabu sahihi habari za masahaba waliomwendea Mtume (s.a.w.) kwa shauri kama hili hili. Nitataja wanne.

Wa kwanza ni Abu Talha (r.a.), aliyekuwa na mitende mingi kuliko Ansari wenzake wa Madina. Iliposhuka aya ya 92 ya Surat Aal Imran, inayotueleza kuwa hatuufikii wema mpaka tutoe katika vile tunavyovipenda, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akasema kuwa mali anayoipenda zaidi ni shamba lake la Bayruha lililoelekeana na msikiti, na kwamba amelitoa kwa ajili ya Allah, basi aliweke Mtume popote atakapoonyeshwa na Mola wake. Mtume (s.a.w.) aliisifu mali hiyo kuwa ni yenye faida, kisha akampa rai aigawe kwa jamaa zake wa karibu. Abu Talha akafanya hivyo.

Wa pili ni Umar bin Al-Khattab (r.a.). Alipata ardhi huko Khaybar, akaona hajapata kumiliki mali bora kuliko hiyo, akaja kutaka shauri. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza kuwa akitaka aizuie asili yake, na matunda yake ndiyo yawe sadaka. Umar akaiwekea masharti kuwa haitauzwa, haitatolewa zawadi wala haitarithiwa, akawataja wanaostahiki mapato yake, na akamruhusu msimamizi wake kula kwa wema. Huo ndio msingi wa wakfu katika umma huu.

Wa tatu ni Saad bin Abi Waqqas (r.a.). Aliugua sana Makka mwaka wa Hija ya kuaga, naye alikuwa na mali nyingi na binti mmoja tu wa kumrithi. Akauliza: je, atoe theluthi mbili? Akakatazwa. Nusu? Akakatazwa. Theluthi? Akakubaliwa, huku akielezwa kuwa hata theluthi ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakiwa wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha mafukara wanaonyoosha mikono kwa watu.

Wa nne ni Kaab bin Malik (r.a.). Allah (s.w.) alipoikubali toba yake baada ya kubaki nyuma katika vita vya Tabuk, alitaka kutoka katika mali yake yote iwe sadaka. Mtume (s.a.w.) akamwambia abakishe sehemu, kwani hilo ni kheri kwake. Akabakisha fungu lake la Khaybar.

Zingatieni, ndugu zangu. Watu wanne walikuja na nia safi ya kutoa, na kila mmoja alipata jibu lake. Mmoja alielekezwa kwa jamaa zake, mmoja akafundishwa kuilinda asili ya mali, mmoja akapunguziwa kiwango, na mmoja akaambiwa azuie sehemu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesukumwa azidishe kuliko alichokusudia. Na tunajua pia kuwa Abu Bakr (r.a.) alipoleta mali yake yote, ilipokelewa, kwani Mtume (s.a.w.) aliijua imani yake na subira yake. Shauri, basi, hufuata hali ya mtu. Mshauri asiyeijua hali ya mtu hana shauri la kumpa.

MASWALI MATANO KABLA YA KUSEMA "TOA"

Kutokana na mafundisho hayo na kanuni za fiqhi, nimeyapanga maswali matano. Ili yaeleweke, tuchukue mfano wa kukadiria wa mkulima mmoja wa upande wetu. Ana shamba la michungwa la ekari 9, ng'ombe 40 wanaochungwa porini, fedha taslimu shilingi milioni 12, na amevuna mahindi kilo 3,000. Anadaiwa shilingi milioni 4. Ana mke, watoto, na mama mzee. Sasa anaumwa, na anamwambia imamu kuwa anataka shamba lake lote liwe la msikiti.

Swali la kwanza: Je, unadaiwa? Deni ni haki ya mtu mwingine, nayo hutangulia sadaka ya hiari. Imepokewa kuwa Uthman bin Affan (r.a.) alikuwa akiwatangazia watu katika mwezi wao wa zaka kwamba mwenye deni alilipe, kisha atoe zaka ya kilichobaki. Mkulima wetu alipe milioni 4, abakiwe na milioni 8.

Swali la pili: Nani wanakula kwako? Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu aanze na nafsi yake, kisha ahli zake, kisha jamaa zake, ndipo aende kwa wengine. Mama mzee asiye na dawa ndani ya nyumba ana haki iliyotangulia mazulia ya msikiti. Hilo imamu alitamke yeye mwenyewe, kwani mwenye mali huenda akaona haya kulisema mbele yake.

Swali la tatu: Umekwisha kutoa zaka? Wengi wetu hutoa sadaka za hiari zinazoonekana, na nguzo ya dini imo ndani haijaguswa. Hapa mhasibu na mwalimu washirikiane, kwani mmoja anajua hesabu na mwingine anajua hukumu.

Kwa mkulima wetu hesabu ni hii. Mahindi yake yamelimwa kwa mvua, na nisabu yake ni wasaki tano, ambazo baadhi ya wanavyuoni wa zama hizi wamezikadiria kuwa kiasi cha kilo 650. Amevuka nisabu, hivyo anatoa sehemu moja katika kumi, yaani kilo 300, nazo hutolewa siku ya mavuno bila ya kungoja mwaka. Lau angemwagilia kwa gharama, angetoa nusu yake. Ng'ombe wanaochungwa, nisabu yao huanzia 30, ambao zaka yao ni ndama wa mwaka mmoja. Wakifika 40, ni mtamba wa miaka miwili. Fedha zake milioni 8, zikitimiza mwaka, zimevuka nisabu kwa kipimo cha gramu 595 za fedha, kipimo ambacho wanavyuoni wengi wanaona kina manufaa zaidi kwa mafakiri. Anatoa asilimia mbili na nusu, nayo ni shilingi 200,000. Ama machungwa, wanavyuoni wamekhitilafiana. Jumhuri wanaona hayana zaka ya mazao kwa kuwa hayawekwi ghalani, na Imamu Abu Hanifa anaona yana zaka. Lakini fedha ya machungwa iliyokaa mwaka na kufika nisabu ina zaka yake, na hili wengi wetu hulisahau.

Swali la nne: Warithi wako wataachiwa nini? Mali ya mkulima wetu yote, baada ya deni na zaka, tuikadirie kuwa milioni 54, na shamba peke yake milioni 27. Kulitoa lote kwa wasia ni kutoa nusu, jambo ambalo Saad alikatazwa. Wanavyuoni pia wameeleza kuwa zawadi au wakfu unaotolewa katika maradhi ya mauti huchukua hukumu ya wasia. Kwa hiyo mpaka wake ni theluthi, yaani milioni 18, ambazo ni ekari 6. Na Ibn Abbas (r.a.) alipendelea watu wateremke mpaka robo, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alisema theluthi ni nyingi. Robo ni milioni 13 na nusu, nazo ni ekari nne na nusu. Imamu akimpa ukweli huu, msikiti utapata kidogo kuliko ulivyotarajia, lakini utapata kilicho halali, wala yatima hatapita mbele ya mlango wake akisema, "Hapa ndipo alipopelekwa riziki yetu."

Swali la tano: Unatoa kwa nani, na kwa njia gani? Hili lina maelezo marefu kidogo.

KUTOA MAHALI PAKE

Zaka ina watu wake wanane, waliotajwa katika aya ya 60 ya Surat At-Tawba. Jumhuri ya wanavyuoni hawakubali ijengewe msikiti wala ichimbiwe kisima cha wote, bali hayo hufanywa kwa sadaka ya hiari na wakfu. Mshauri asichanganye mifuko hii miwili. Na Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh (r.a.) Yemen, alimwelekeza kuwa zaka ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa mafakiri wao. Asili yake, basi, fakiri wa Kwedizinga ndiye mwenye haki ya kwanza katika mahindi ya Kwedizinga.

Aidha, namna ya kugawa nayo ni sehemu ya shauri. Tumeshuhudia katika miji yetu, kila Ramadhani, kinamama na wazee wakipanga foleni juani mbele ya milango ya maduka ili wapate noti moja moja. Na huko Sanaa, Yemen, tarehe 19 Aprili 2023, siku za mwisho za Ramadhani, zaidi ya watu 70 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakigombea fedha zilizokuwa zikigawiwa na wafanyabiashara. Bila shaka nia ya waliotoa ilikuwa njema. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia, "Andikeni majina, pelekeni majumbani, usiku, kimya kimya." Aya ya 271 ya Surat Al-Baqara inatueleza kuwa sadaka ya dhahiri ni njema, na ya siri wanayopewa mafakiri ni kheri zaidi kwetu.

Na imepokewa kutoka kwa Umar (r.a.) kuwa mtu akitoa, basi amtosheleze anayempa. Laki mbili za mkulima wetu zikigawiwa watu mia mbili, kila mmoja anapata shilingi elfu moja, nayo ikaisha kabla ya magharibi. Zikipewa mjane mmoja mwenye kujua kukaanga vitumbua, zikamnunulia karai, unga na mafuta, huenda mwaka wa pili akawa yeye ni mtoaji.

WAKFU UANDIKWE

Jambo la kuhuzunisha katika vijiji vyetu ni viwanja na mashamba yaliyotolewa kwa mdomo. Mzee anasema mbele ya jamaa baada ya sala ya Ijumaa, "Shamba lile ni la madrasa." Watu wanaitikia takbiri. Miaka inapita, mzee anafariki, mashahidi nao wanafariki. Vijana wake, ambao hawakuwapo, wanakuja kuupima mpaka. Kinachofuata ni baraza, kisha mahakama, kisha ndugu wasiopeana salamu. Kosa la vijana hao ni dogo mbele ya kosa la sisi tuliokuwapo siku ile na hatukuchukua kalamu.

Allah (s.w.) ametuamrisha katika aya ya 282 ya Surat Al-Baqara tuandike deni na tushuhudishe. Ikiwa deni la miezi michache linaandikwa, vipi wakfu unaokusudiwa kudumu mpaka Kiyama?

Mshauri ahakikishe mambo haya. Kwanza, hati itaje mipaka ya ardhi, lengo la wakfu, wanaostahiki mapato, na jina la msimamizi na atakayemfuatia. Pili, warithi waliobaleghe waitwe wasikie na washuhudie wangali na baba yao. Tatu, kwa kuwa ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, jambo hilo lipite mbele ya halmashauri hiyo na liandikwe. Nne, msikiti au madrasa iwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kwa Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, ili mali isibaki katika jina la mtu mmoja. Usajili huo hufanywa na RITA, wakala wa serikali uliozinduliwa mwaka 2006, ambao pia huhifadhi wosia. Wenzetu wa Zanzibar wana Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa Sheria Na. 2 ya mwaka 2007. Sisi wa bara tunalindwa zaidi na karatasi zetu wenyewe.

Tukirudi kwa mkulima wetu: ekari nne na nusu za michungwa, zikiwekwa wakfu kwa utaratibu huu, hazitauzwa kununua bati. Zitazaa kila msimu, na mapato yake yatalipa walimu na kununua misahafu, huku sehemu ikirudi shambani kwa palizi na dawa. Hii ndiyo kuizuia asili na kuyatoa matunda.

ADABU ZA MSHAURI

Namalizia kwa adabu nne za huyu anayetakwa shauri.

Kwanza ni siri. Aliyekufunulia mali yake amekufunulia sitara yake. Idadi ya ng'ombe wake isijulikane kijiweni.

Pili ni kutojipendelea, na hapa nasema nasi walimu na maimamu kabla ya wengine. Mgonjwa akiniuliza atoe wapi, nami nina madrasa yenye paa linalovuja, mimi si shahidi tu katika shauri hilo, nina maslahi ndani yake. Adabu inataka niseme wazi, "Madrasa yetu ina haja, lakini usinitegemee mimi peke yangu katika hili, muulize na fulani." Na mhasibu anayepewa chochote na taasisi kwa kila mtoaji anayempeleka, amweleze mtoaji kabla hajatoa.

Tatu ni kuijua asili ya mali. Allah (s.w.) ni mwema na hapokei ila kilicho chema. Mwenye riba katika akaunti yake asiambiwe kuwa akiitoa itahesabiwa sadaka yake. Aitoe kwa nia ya kujitakasa nayo, bila ya kutaraji thawabu za sadaka, na ashauriwe ahamie kwenye njia ya halali. Zamani ilikuwepo kauli ya kuwa hakuna pa kwenda, lakini tangu mwaka 2011 ipo Amana Bank, benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya sharia, na udhuru huo umepungua nguvu.

Nne ni kujua mpaka wa elimu yako. Mhasibu asitoe fatwa ya mirathi, na mwalimu asitengeneze hati ya ardhi kwa kubahatisha. Neno "sijui, twende tukamuulize anayejua" ni katika elimu.

Ndugu zangu, napendekeza jambo moja linalowezekana. Kila msikiti wetu uchague watu wawili waaminifu, mmoja mwenye kujua fiqhi ya zaka na mirathi, na mmoja mwenye kujua hesabu. Wakae pamoja katika mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, na tena wakati wa mavuno, na watu watangaziwe kuwa mwenye kutaka shauri la mali yake aende kwao faraghani. Wawe na daftari la wakfu wa msikiti, daftari moja tu, lenye mipaka, majina na saini. Kwa kufanya hivyo, huenda tukamwokoa mtoaji asiidhulumu nafsi yake wala watoto wake, tukamfikishia fakiri haki yake na uso wake ukiwa umesitirika, na tukaziepusha nyumba zetu na mahakama.

Ewe Mola wetu, takasa mali zetu na nia zetu, tujaalie tuwe wenye nasaha ya kweli kwa wanaotuamini, wala usituulize kesho kwa shauri tulilolitoa bila ya elimu au tulilolinyamazia tukiwa na elimu.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.